Mnazi Nilioupanda Katika Ardhi ya Mzee Hatibu

Siku moja ya masika haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyotoka uani kwangu, Pongwe, nikamkuta mwanamume juu ya paa la nyumba yangu anabandua makuti. Mjukuu wangu ndiye anayeshika kalamu, kwa kuwa mimi sikupelekwa skuli. Nimemwamuru aandike nisemavyo, wala asinipambe, maana kosa nitakalolisimulia ni langu.

Ilikuwa zamani za Waingereza. Mume wangu Mbwana alikuwa mpagazi bandarini Tanga, nami nilikuwa mke kijana niliyetoka kwetu Mtang'ata. Hatukuwa na ardhi Pongwe. Mzee mmoja, Hatibu, alitukaribisha shambani kwake kwa maneno ya mdomo, mbele ya mashahidi wawili. Tujenge, tulime muhogo na mahindi, na kila mavuno tumpelekee kapu la mahindi mapya ili ijulikane kwamba ardhi ni yake. Mti wa kudumu tusipande. Katika pwani yetu aliyepanda mnazi ni mwenye mnazi, hata kama ardhi ni ya mwingine, na watoto wake huurithi. Mwenye shamba akinyamaza huku mgeni wake anapanda, wajukuu wa pande mbili huja kushikana mashati.

Nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, Athumani. Kwetu sisi kitovu cha mtoto kikianguka huzikwa, na juu yake hupandwa nazi iliyochipua, ili mti ukue pamoja na mtoto. Ilinipasa nikizike Mtang'ata, katika ardhi ya baba yangu. Lakini nilikuwa na haraka, tena nilikuwa na kiburi cha mzazi mpya.

"Mama Athumani, mzee alitukataza," Mbwana aliniambia.

"Mnazi mmoja tu! Utamla huyo mzee?"

Akacheka, nami nikachimba.

Mzee Hatibu alikuwa mgonjwa wakati huo, hakuuona mche ule. Alipofariki, Mungu amrehemu, mche ulikuwa umefika kiunoni, na shamba likawa la mwanawe Salimu. Huyo ndiye niliyemkuta juu ya paa.

"Teremka," nilimwambia. "Kuti hilo nimelisuka mimi."

"Na ardhi nayo umeisuka wewe?" Akanyoosha kidole kwenye mnazi. "Mlikuja hapa wageni, leo mna mnazi. Kesho mimi ndiye nitakayepiga hodi! Nawapa siku tatu. Siku ya nne naleta watu na mashoka."

Sikumtukana, ingawa matusi nilikuwa nayo tele. Nilimbeba mtoto nikaenda moja kwa moja kwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Jumbe akamwita Salimu, akasema mbele yetu sote kwamba hakuna nyumba itakayovunjwa kabla shauri halijasikilizwa. Kisha akanigeukia.

"Nawe, binti, maneno ya marehemu yalishuhudiwa na nani?"

Shahidi mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili, Mzee Kombo, alikuwa amehamia Amani, milimani kwa binti yake. Jumbe akatupa siku saba za kumleta.

Mbwana hakuweza kuacha kazi. Nikamfunga Athumani mgongoni, nikapanda gari la moshi mpaka Muheza. Kutoka hapo nilipata lori la mbao nusu ya njia, na nusu iliyobaki nikaipanda kwa miguu, mvua ikininyeshea. Sikupata kujua kabla ya hapo kwamba mtu wa pwani anaweza kutetemeka mchana.

Nilimkuta Mzee Kombo ameketi karibu na moto, kajifunika blanketi. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa habari. Aliyakumbuka yote. Tena alikumbuka neno ambalo mimi nililisahau: kwamba Hatibu akiitaka ardhi yake, sisi tutavuna kwanza, na nyumba haitavunjwa muhogo ukiwa bado ardhini. Hapo ndipo niliposema jambo ninalolionea haya mpaka leo.

"Babu, la muhogo ukaliseme. La mti, nakuomba ulisahau."

Akaweka kikombe chini. "Umepanda?"

"Nimepanda."

"Mingapi?"

"Mmoja. Wa kitovu cha huyu."

Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Sikuitwa niwe shahidi wako, wala niwe shahidi wa Hatibu. Niliitwa niyashuhudie maneno. Ukinichukua, unayachukua yote. Ukitaka nusu, mteremko ndio ule, nenda salama. Lakini kula kwanza, mtoto ana njaa."

Nilikula kwa hasira, mwanangu. Kila tonge nililoling'ata nilikuwa namng'ata yeye. Lakini nilipofika mwisho wa sahani niliona kwamba mtu asiyekubali kudanganya kwa ajili yangu ndiye pekee ambaye Salimu hangeweza kumwita mwongo. Nikanawa mikono, nikasema, "Twende, Babu."

Barazani kwa jumbe, Mzee Kombo alisema kila neno. Alipofika kwenye mti, Salimu alipiga kofi pajani. "Mmesikia? Mti!"

"Nimesikia," akasema jumbe. "Binti, una la kujibu?"

Nikasimama. "Nilikatazwa, nikapanda. Nitaung'oa kwa mkono wangu. Lakini muhogo wangu uko ardhini, na kukaa mpaka niuvune nilipewa na marehemu mbele ya shahidi huyu huyu. Hilo siliachi."

Jumbe akaamua hivyo hivyo: mnazi uondoke siku ile, nyumba isiguswe mpaka mavuno. Wakanifuata wote, nami nikauchimba mche pamoja na udongo wake, nikaufunga kwa gunia, nikaupeleka Mtang'ata. Kitovu nilikiacha kilipo.

Mavuno yalipofika nilimpelekea Salimu kapu la mahindi mapya, kama nilivyokuwa nikimpelekea baba yake. Alisimama mlangoni, akalitazama.

"Umekuja kuaga, Mama Athumani?"

"Nimekuletea haki yako. La kuaga utalisema wewe."

Akalipokea kapu. "Basi pandeni muhogo mwingine," akasema, akaingia ndani. Tukapanda, na mwaka uliofuata tukapanda tena. Mama wa huyu anayeandika alizaliwa katika nyumba ile ile.

Sasa nisikilize. Ukikaribishwa katika nyumba au ardhi ya mtu, uliza ulichopewa, na uulize pia ulichokatazwa, vyote viwili mbele ya watu wasiokuwa wako. Ninyi mnajua kuandika; basi yaandikeni yote, hata yale yasiyowapendeza. Ukiajiriwa, fanya vivyo hivyo kabla ya kushika jembe la mwenyewe. Ukilala hospitali, mweleze daktari maradhi yako yote, usimfiche nusu kisha ukamlaumu kwa dawa. Na akija mtu kukubandulia paa, usikimbie, wala usimpige. Mpeleke penye shauri. Ila kabla ya kwenda, ng'oa kwanza mnazi wako mwenyewe.

Mungu akupe paa lisilobanduliwa na mtu, akupe ulimi usiokata maneno nusu, na siku utakapohitaji shahidi, akujaalie wa namna ya Mzee Kombo. Amin.