Magadi, Mahali Baba Alipoachia Jina Lake

Nilifundisha Ziwa Magadi miaka kumi na mmoja kabla ya kuliona. Kila mwaka nilichora Bonde la Ufa ubaoni kwa darasa la sita, nikaweka duara refu kule chini karibu na Tanzania, nikaandika "magadi, reli, flamingo". Mtoto akiuliza kama ni kweli maji yake ni mekundu, nilimwambia anakili kilichoko ubaoni. Na bado ningekuwa nachora hilo duara hadi leo, kama si baba.

Baba alikuwa fundi wa reli ile inayotoka Konza, ikapita Kajiado, ikateremka hadi Magadi. Alipostaafu alikataa kurudi kwetu Kitengela, eti joto la kule linamfaa magoti, lakini kila mwisho wa mwezi alikuja kutuona. Kisha ikaja mvua ya El Nino. Barabara zikakatika, simu zikanyamaza, na kufika Aprili alikuwa hajaonekana tangu mwezi wa kumi na moja. Ndipo jirani mmoja akarudi kutoka Mashuuru na habari kwamba mzee mmoja Mkamba alichukuliwa na maji huko Magadi. Jina hakujua.

Siku ya tatu mama alinijia nikifua.

"Mwende, shule zimefungwa," akasema. "Enda uniletee jibu la Baba Mwende. Hata kama ni chungu, lilete."

Hata siku hiyo hakumtaja kwa jina. Mama ni Mkamba wa zamani, na tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akitamka jina la mume wake.

Jumanne alfajiri niliondoka Kitengela, nikapitia Nairobi, na foleni ya Rongai ikanila saa nzima. Kiserian nilipata lori la kabeji linaloelekea Magadi. Dereva wake, mwanamume mnene aitwaye Baba Shiku, aliposikia kwamba mimi ni mwalimu alinipa kiti cha mbele, akasema hawezi kubeba mwalimu juu ya kabeji, watoto wake watafeli.

Corner Baridi ilikuwa baridi kweli. Nilivaa sweta, nikavuta na leso mabegani. Kisha barabara ikaanza kuteremka, ikateremka na kuteremka, vilima vya Ngong vikabaki nyuma, masikio yangu yakaziba, na kabla hatujafika Olepolos sweta ilikuwa imerudi mfukoni. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba sakafu ya bonde ina joto kuliko kingo zake. Sikujua ni la kukufanya uvue viatu ndani ya lori.

Tulipopita Olorgesailie nilimweleza Baba Shiku kuhusu watu wa kale walioacha mashoka yao ya mawe pale. Alisikiza kwa heshima, kisha akauliza kama walikula kabeji. Nilicheka, na Mungu anajua nilihitaji kucheka, kwa sababu kila tulipofika kwenye korongo tulikuta lami imeng'atwa na maji, na mawe makubwa kama ng'ombe yamelala mahali pasipo pao. Nilikuwa najiuliza mzee wa miaka sitini na minane angeshika nini.

Saa saba mchana ziwa likatokea. Kwanza nilidhani ni uwanja mweupe. Tulipokaribia niliona utando juu yake, kama ule wa maziwa yaliyopoa, na chini ya utando maji ya rangi ya waridi. Kwa hivyo mtoto yule aliyeniuliza alikuwa sawa, na mimi nilimnyamazisha.

Mji wenyewe ni mdogo: nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari, hospitali, kanisa, msikiti, maduka machache, na kiwanda kikipumua moshi kando ya ziwa. Hakuna ambaye angejenga mji hapa kwa kupenda. Maji ya ziwa hayanyweki, na ya kunywa huletwa kwa mabomba kutoka milimani. Ni Waingereza waliotaka magadi, wakaleta reli mpaka hapa miaka ile ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na watu wakafuata reli: Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, wote wakiwa wageni wa Wamaasai ambao walikuwa wakilijua ziwa hili kabla ya ramani yoyote. Magadi hayo hutumika kutengeneza kioo. Mama huyatia kwa maharagwe, ncha ya kijiko tu, ili yaive upesi.

Chumba cha baba kilikuwa na kufuli. Mama wa chumba cha pili alikuwa amehamia mwezi uliopita. Alichojua ni kwamba mzee wa hapo alihama wakati wa mvua, na mwenye kufuli ni Mzee Lemayian, anayeishi kule kwenye chemchemi za maji moto, kusini mwa ziwa. Sikupenda kusikia kwamba kufuli ya baba ina mwenyewe mwingine.

Saa kumi, alipomaliza kushusha kabeji, Baba Shiku alinipeleka. Mzee Lemayian alikuwa amekaa juu ya jiwe, shuka begani, akichunga kondoo kama ishirini.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu, kwa sababu mtu hawezi kuishi Kitengela asijue hilo. "Mzee, natafuta baba yangu. Anaitwa Kioko."

Aligeukia ziwa.

"Hilo jina mimi sisemi," akasema taratibu. "Yeye ako kwa maji."

Sasa, hapa ndipo elimu yangu iliniponza. Majirani zangu Kitengela ni Wamaasai, na walinifundisha kitambo kwamba marehemu kwao hatajwi jina. Mtu akizikwa, jina linazikwa naye. Nilijua hilo, na nilikuwa najivunia kulijua. Niliketi pale pale juu ya chumvi, nikalia kwa sauti, nikamlilia baba yangu kama mtoto mdogo, na kondoo wakatawanyika. Nilikuwa nafikiria mama na lile jibu lake.

Mzee Lemayian alisimama akishangaa.

"Unalia nini?"

"Si umesema ako kwa maji!"

"Ako kwa maji, ndiyo. Anaosha mguu." Akanyoosha fimbo yake upande wa mvuke. "Wakati wa mvua aliingia korongo kutoa kondoo zangu, jiwe likavunja mguu yake. Nikamweka kwa boma yangu, nikampa kondoo anywe mafuta apone. Sasa mimi namwita Paker, na yeye ananiita Paker. Mtu wa kondoo. Nikimwita hiyo jina ingine, ni kama nimemnyang'anya kondoo."

Nilitazama alikoonyesha. Kwenye mvuke, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa ameketi baba yangu, mguu mmoja ndani ya maji na mmoja nje.

"Mwalimu!" akaita. "Nani amekufa?"

Nilimkimbilia nikitaka kumkumbatia na kumchapa kwa pamoja. Nilimkumbatia kwanza. Kisha nikamgombeza, lakini akaapa kwamba aliandika barua mbili, akawapa watu wa magari, na hajui zilikoishia. Mguu ulikuwa umeunga, ila umepinda kidogo. Nilikuwa na furaha ya kunitia kizunguzungu, nikanywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa kwa mke wa Mzee Lemayian bila kuuliza kama vimebaki vya wengine.

Alhamisi tulirudi na Baba Shiku, lori likiwa tupu. Mzee Lemayian alitusindikiza hadi barabarani. "Sere, Paker," akaaga, na baba akamjibu vivyo hivyo. Baba alibeba kipande cha magadi kilichofungwa kwa gazeti, zawadi ya mama. Tulipopanda Corner Baridi nilivaa sweta tena, nikawaza jinsi mtu anavyoweza kujua nusu ya desturi ya jirani yake na kwa nusu hiyo amzike baba yake akiwa hai. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowaambia watoto, na mwenyewe sikuuliza.

Jioni tukafika Kitengela. Baba Shiku, Mungu ambariki, alitupeleka hadi mlangoni. Nilishuka kwanza ili nimsaidie baba, na mama akatoka nje, akaniona niko peke yangu kando ya lori. Uso wake ukabadilika. Akashika nguzo ya lango.

"Kioko?" akasema. "Kioko wangu?"

Upande wa pili wa lori fimbo iligonga chini, kisha sauti ikatoka.

"Nani huyo ananiita kwa jina?"

Mama alijifunika mdomo kwa leso. Alisimama hivyo mpaka baba akazunguka lori, akichechemea, gazeti mkononi. Kisha akajifuta macho.

"Ingia ndani, Baba Mwende," akasema. "Maharagwe yamekataa kuiva."