Chokaa na Mafuta ya Taa

Mungu amenipa miaka mingi, lakini fundi jirani akimwaga mafuta ya taa, harufu yake hunirudisha adhuhuri ile niliyompelekea baba kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kiwandani.

Kilikuwa kiwanda cha mafuta ya pamba. Baba alikuwa amechomelea mshono wa boila, na bosi alitaka moto uwashwe mara moja. Kwanza baba aliupaka mshono chokaa kwa nje, akaingia ndani akaupaka mafuta ya taa, akatoka tukangoja. Chokaa ilikauka, ikawa nyeupe pe. Kisha ukatokea mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele.

"Una ufa," baba akasema. "Mafuta yamepita. Mvuke nao utapita."

Bosi akacheka. "Nani ameuona? Paka rangi! Au unajishtaki mwenyewe, mzee?"

"Ndiyo, bosi. Kazi mbovu hii ni yangu. Mungu ameiona."

"Washeni!"

Vijana wanne wa kuni walisimama mbele ya tanuru, wakimtazama baba. Boila ikipasuka, wao ndio wangekufa kwanza.

Baba akanigeukia. "Ng'wanawane, mwanangu, kasimame getini."

Akawasha grainda, akaanza kuukata mshono. Cheche ziliruka, bosi akipiga kelele kwamba kuanzia leo baba hana kazi. Baba hakuinua kichwa mpaka mshono wote ukawa wazi, mwanga ukaonekana ndani ya boila.

Akajifuta chokaa mikononi, akachukua kikapu chake cha michembe.

"Haya, bosi," akasema. "Sasa washa."