Udongo Nilioushindilia

Mimi ni mtu wa kitalu. Tangu nilipoolewa hapa karibu na Sotik, kazi yangu ni miche ya chai: najaza udongo mwekundu kwenye vifuko vya nailoni, nachomeka kipandikizi, nakishindilia kwa kidole gumba mpaka ukucha uume. Hewa ikibaki pale chini, kipandikizi kinakufa. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na mikono yangu haijui namna nyingine.

Kinyonga alitoka kwenye chai hiyo hiyo. Tulikuwa tunapogoa, panga langu likamkata mguu wa nyuma. Ningemwacha pale, kuku wangemmaliza kabla ya saa sita. Nikamtia kwenye tundu la vifaranga, nikalizungushia neti ya mbu, nikampa tawi la mpera na panzi. Mama mkwe alisema wazi kwamba huyo mnyama asikanyage nyumbani kwake, akaanza kuzunguka nyuma ya jikoni ili asimwone. Nilikasirika, ila nikanyamaza, kwa sababu hata mimi utotoni nilikuwa nikikimbia nikiona kinyonga. Lakini huyu alinizoea. Nikimpelekea panzi, jicho moja linanigeukia na lingine linabaki kwa panzi, nami najikuta nacheka peke yangu. Tangu mume wangu afariki sikuwa nimecheka hivyo.

Mguu ulipopona, tumbo likaanza kujaa. Ungeyahesabu mayai kwa nje, kama maharagwe ndani ya soksi. Nilijua kinyonga hutaga ardhini, kwa hivyo nikamwekea tunduni ndoo ndogo ya udongo bora wa kitalu, nikaumwagilia, nikaushindilia vizuri kabisa. Nikajisifu.

Siku ya kwanza alikwaruza, akaacha. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne hakutaka hata panzi, macho yamezama, rangi imekuwa ya majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Alikuwa amelala juu ya udongo na makucha yake yamejaa damu. Jamani, nililia. Nilimtazama nikaona atakufa mbele yangu akiwa na watoto tumboni, na mimi sina la kufanya.

Daktari wa mifugo alikuwa kwa jirani, ng'ombe wao ameanguka baada ya kuzaa na anatundikiwa dripu ya kalsiamu. Nikaitoa ndoo, nikaenda mbio na tundu mkononi. Alicheka kwanza, akaniambia yeye ni wa ng'ombe, kinyonga hakumsomea. Nilipokataa kuondoka, alichanganya tone moja la ile dawa na maji mengi, akamdondoshea mdomoni bila sindano. Halafu akauliza anatagia wapi. Nikampeleka kwangu, nikamwonyesha ndoo. Alitoa kalamu mfukoni akajaribu kuichomeka kwenye udongo. Haikuingia.

"Mama," akasema, "hapa hata mimi ningeomba jembe."

Niliona aibu mpaka nikakaa chini. Siku nne nzima nilikuwa namtazama akijiumiza kwenye ukuta nilioujenga mwenyewe, kwa kumpenda. Daktari alipoondoka niliumwaga udongo wote, nikauchekecha, nikauchanganya na mchanga wa mtoni, nikaurudisha na ndoo yake tunduni bila kuugusa tena. Kidole gumba kilikuwa kinawasha.

Asubuhi kinyonga alianza kuchimba. Nikainama nione. Akasimama, akatoka shimoni. Nikarudi nyuma, akarudi. Nikasogea, akatoka tena. Mara ya tatu sikuwa na subira, nikamlilia kwa sauti achimbe, achimbe tu. Ndipo nikasikia mama mkwe nyuma yangu. Hakuwa amewahi kukaribia tundu lile.

"Wewe, toka hapo," aliniambia. "Nani atazaa na watu wamemsimamia kichwani? Mimi nilizaa saba, najua."

Akavua leso yake ya begani, akafunika tundu, akanishika mkono mpaka kitaluni. Tulijaza vifuko hadi jua la saa kumi. Kila nilipoinuka kwenda kuona, alinivuta nikae.

Tulipofunua leso, shimo halikuwepo. Alikuwa amelifukia na kulishindilia kwa miguu yake, ule uliokatwa ukiwa mmoja wao, sawasawa kama ningefanya mimi. Yeye mwenyewe alikuwa amelala juu yake, tumbo limebaki ngozi. Nilimpa maji. Alikunywa matone mawili, jicho moja likanigeukia. La pili halikufunguka, na kabla ya jua kuzama na hilo moja likafumba.

Nilimzika kitaluni. Ndoo yenye mayai iko chini ya ukingo wa paa, huu ni mwezi wa tano tangu atage, na sijaugusa udongo wake. Sihitaji. Kila asubuhi namkuta mama mkwe ameinama pale na kikombe cha maji, ananyunyiza kwa vidole. Akiniona anajifanya anaokota kuni.

"Bado," ananiambia, kabla sijauliza.