Usiezue Kabla Hujaonja Maji

Nakumbuka asubuhi moja hapa kijijini Mtinko, wewe Neema ukiwa bado unanyonya. Nilitoka jikoni na mwiko wa uji mkononi, nikamkuta baba yako juu ya paa anang'oa misumari. Bati moja la upande wa stoo lilikuwa limeshatupwa chini, kuku wanalizunguka.

"Baba Neema, unafanya nini huko juu?"

"Tunahama. Lori la vitunguu linaondoka Ijumaa, dereva amekubali kutubebea mabati na milango."

Mwanangu, sitakudanganya kwamba nilijibu kwa adabu. Huku kwetu mtu akihama huondoka na bati lake, na nyumba ya tofali za udongo isiyo na bati, mvua za msimu mmoja tu huirudisha kuwa shamba. Yaani nyumba yangu inabomolewa, na mimi naambiwa kama jirani anayepita!

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yako mdogo, Yona, anaishi Chanika, Dar es Salaam. Alimpatia kaka yake kazi ya ujenzi huko Bunju, akatupa na kipande cha kiwanja chake Chanika tujenge. Vizuri. Nikauliza: Chanika na Bunju vimeachana kiasi gani?

"Kote huko ni Dar."

Maji yanatoka wapi?

"Mji una bahari nzima, wewe utakosa maji?"

Na mtoto akiugua?

"Mama Neema, unauliza kama mpelelezi. Nipishe, bati lisikuangukie."

Hapo nilipaza sauti mpaka bibi yako akaisikia kwake, akaja na jembe lake begani. Nikamwamkia hivyo hivyo na hasira zangu. Akaitikia marahaba, kisha akaanza na mimi: "Mtu aliye juu ya paa hagombezwi. Akianguka, utamuuguza nani kama si wewe?" Nikainama. Ndipo akainua uso.

"Na wewe. Marehemu baba yako alichunga ng'ombe maisha yake yote. Alihamisha zizi lini kabla mtu hajatangulia kulala huko na kuonja maji?"

"Hakuwahi, mama."

"Basi shuka."

"Nitatangulia mimi mwenyewe, mama, Jumatatu..."

"Nyumbani kwako nani huchota maji?"

Akanitazama mimi. "Aende huyo," akasema bibi yako, akarudi shambani.

Basi nikafunga safari, wewe mgongoni. Waliosema tusiache mbachao kwa msala upitao hawakusema tusiende kuutazama huo msala, na mimi nilitaka kuutazama hadi upindo wake. Yona alitupokea vizuri, ila bahari sikuiona. Wapo majirani zake ambao nao hawajaifikia kwa miaka. Mgeni ni kuku mweupe, kwa hiyo sikujificha, niliuliza tu. Mama mmoja muuza maandazi akacheka: "Dada, unataka andazi au unataka kununua mtaa?"

"Nataka kuujua."

Akaniambia maji ya kisima chao yana chumvi, ya kunywa wananunua kwa dumu. Nikamtajia kazi ya Bunju. Akaacha kugeuza maandazi. "Bunju? Ukilala hapa? Sasa huyo mumeo atalala saa ngapi?"

Sikumwamini. Kesho yake niliondoka na adhana ya alfajiri, gari hili, gari lile, foleni, kushuka na kupanda, wewe unalia, na mimi nilikaribia kulia. Kufika Bunju, wajenzi walikuwa wameshamaliza chai ya saa nne. Nikakaa kwenye rundo la kokoto nikawaza: huyu mtoto atamjua baba yake kwa picha. Nikanyanyuka, nikaanza tena kuuliza. Chumba kinapatikana wapi? Zahanati ipo? Jioni nilikuwa nimeonja maji ya hapo, nimeonyeshwa zahanati na chumba, kwa miguu tu unafika kazini.

Nikampigia. "Baba Neema, Dar si moja. Umetupangia kulala katika hii na kufanya kazi katika ile."

"Sasa tufanyeje?"

"Hilo ndilo ulipaswa kuniuliza kabla hujapanda ngazi!"

Alilirudisha bati. Akatangulia peke yake, akapanga chumba kile, na mwezi huu, wewe umeshaacha ziwa, alizeti zikishavunwa tunamfuata mimi na wewe. Nyumba inabaki na paa lake, bibi yako ana funguo.

Mwanangu, kuhama si dhambi, wala sikukatazi mji wowote. Lakini mtu akikuambia "twende, kila kitu kiko tayari," muulize nani amelala huko, nani ameteka maji ya huko, na kazi iko wapi na kitanda kiko wapi. Akikasirika, ongeza swali. Yule atakayebeba mzigo wa nyumba ndiye atangulie kuiona. Na ukipewa karipio la haki, kama nililopewa mimi, lipokee kwanza. Hasira yako itasikilizwa vizuri zaidi baadaye.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza na mwenzako anayesikia. Akujalie majirani wanaosema kweli, na kila mlango utakaoufungua ukute nyuma yake amani. Amina.