Kitambaa Juu ya Mashine

Mwaka ule nyumba yetu ya Kanyosha ilikuwa na kompyuta mbili, na zote mbili zilikuwa zimekwisha kufa mara moja kabla hazijafika kwetu. Nilizipata kwenye bohari ninakobeba mizigo, kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, siku walipokuwa wakitupa vitu vya ofisini. Mlinzi wa lango alicheka aliponiona nimejitwika ile ya pili.

"We, unapeleka wapi hiyo misiba?"

"Kwa dada yangu. Atazifufua."

Dada yangu mdogo alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la nane, nikaacha shule ili yeye asiache. Sikuwahi kujuta, ila mgongo wangu ulikuwa umeanza kukataa magunia, nami nilijua ulichobakiza ni kidogo. Kazi yake ya mwisho, ile tunayoiita memwari, ilitakiwa Ijumaa. Asiyeipeleka angesubiri mwaka mzima. Mwaka mzima sikuwa nao.

Mashine moja ilikuwa ya shule, nyingine ya mchezo. Zote mbili zilikuwa na bareti moja tu nzima ya kumbukumbu, kijipande chembamba ambacho bila yake kompyuta haiamki. Dada alikuwa akiichomoa huku, anaisugua meno kwa kifutio cha penseli, anaichomeka kule. Kwa hiyo hazikuwahi kuwa macho zote mbili kwa pamoja. Kwenye ile ya mchezo alikuwa na timu ya mpira aliyoipandisha kutoka daraja la chini kabisa, msimu baada ya msimu. Jumapili wenzake wa chuo walikuwa wakija kutoka mtaa wa Mutanga Sud ili wafungwe naye, na walifungwa.

Jumanne ya wiki ile mgongo ulinizuia kwenda kazini. Diski ya mashine ya shule ilikuwa imeanza kugonga, tk, tk, tk, na feni yake ya ndani ilikuwa imekufa zamani. Dada aliliacha kasha wazi ubavuni, akaielekezea feni ya mezani, akachomeka flashi na kuanza kunakili kila kitu. Zilitangulia sauti za wanawake wa sokoni aliowahoji, nyingi na nzito. Maandishi yenyewe yalikuwa mwisho wa foleni.

"Mi naenda kuona profesa, narudi saa nane," akasema. "Kaka, usizime. Usiguse kitufe hata kimoja. Ikilia, acha ilie."

"Nimesikia, mama."

Na kweli sikugusa kitufe. Lakini ilikuwa kiangazi, barabara yetu ni ya udongo, na kila lori lililopita lilitupa vumbi dirishani. Niliona likitua ndani ya mashine, juu ya nyaya, nikaumia. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ya baba iliishi miaka yake yote chini ya kitambaa alichofuma mama, cheupe, chenye maua pembeni, na haikuharibika hata siku moja. Nilikitoa sandukuni, nikakikung'uta, nikakikunja mara mbili, nikaifunika mashine vizuri hadi chini. Na kwa kuwa feni ya mezani ilikuwa inakipeperusha, nikaigeuzia kwangu.

Niliridhika kabisa. Nikalala.

Harufu ndiyo iliyoniamsha, harufu ya plastiki inayoungua polepole. Kioo kilikuwa cheusi. Nilivuta kitambaa, nikaweka mkono kwenye bati, nikauondoa haraka. Nilirudisha feni. Nilipepea kwa gazeti. Nilipiga magoti mbele ya kile kisanduku nikamwomba Mungu, mtu mzima wa miaka thelathini, kifua wazi, gazeti mkononi.

Dada aliingia, akanusa, akakiona kitambaa sakafuni.

"Umefanya nini?"

"Sikugusa kitufe."

"Hukugusa, uliivika nguo!"

"Vumbi lilikuwa linaingia."

"Kaka, hii si maiti! Mutu anafunika mashine inayopumua?"

Aliichomoa diski, ikaunguza vidole vyake, akaipeleka kwenye mashine ya mchezo pamoja na bareti. Iligonga mara tatu, kisha ikanyamaza. Tulingoja. Aliizima, akaiwasha, tukangoja tena. Kwenye flashi zile sauti za sokoni zilikuwepo zote. Memwari ilionekana jina tu; ukiifungua, hakuna kitu.

Alikaa sakafuni. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitaka anitukane.

"Madaftari," nikasema. "Si uliandika kwa mkono kwanza?"

"Sura tatu. Ya nne nilipiga moja kwa moja, sababu umeme ulikuwa mzuri."

"Basi tuanze na tatu."

"Kurasa ngapi hizo, kaka! Na ile mashine ya mchezo haina nafasi ya programu ya kuandikia. Lazima nitoe mpira."

Aliiangalia timu yake kwenye kioo kwa muda.

"Tulikuwa wa pili kwenye ligi," akasema, akaifuta.

Tangu saa hiyo mimi nilisoma daftari na yeye akapiga. Kifaransa changu kiliishia darasa la nane. Nilikuwa nikifika kwenye neno refu nakwama kama gari kwenye matope, naye mikono iko hewani, anangoja.

"Soma herufi moja moja, kama mutoto."

Nilisoma kama mtoto. Alihifadhi kila aya mara mbili. Jumatano msimamizi wa bohari alituma ujumbe kwamba nisipofika kesho nafasi yangu atapewa mwingine. Sikumwonyesha dada. Alhamisi umeme ulikatika tangu asubuhi hadi alasiri, nikakaa nimeutazama ukuta, yeye akisikiliza wanawake wake wa sokoni kwenye simu na kuandika sura ya nne kwa mkono, upya, kwa kile alichokumbuka.

Ijumaa aliondoka na sura mbili na nusu kwenye flashi, na daftari mkononi. Nilibaki nyumbani, sina kazi ya kwenda. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alirudi jua likiwa limepinda, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Profesa amesema nini?"

"Amesema yeye si mutu wa huruma. Halafu akasema Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua mlango wa ofisi. Baada ya hapo, apana."

Siku mbili na kipande, na sura ya nne bado nusu yake ilikuwa kichwani mwake. Nilimuuliza kama mashine iko macho. Akasema iko. Nikavuta kiti, nikafungua daftari tulipoachia, nikaanza kumsomea.