Mbwa wa Kizungu Ngulyati

Mume wangu alipostaafu kazi ya ofisini Dar, tulirudi kwao Ngulyati, naye akarudi na mbwa wa kuchunga wa Kizungu: mweusi, shingo nyeupe, manyoya marefu utadhani tunahamia kwenye barafu. Kwa jua hili la Bariadi! Mbwa nilimhurumia. Mume sikumhurumia, maana msiba wa kujitakia hauna kilio.

Baba mkwe miguu ilikuwa imechoka, na ng'ombe wanataka mtu. Akasema wazi: mwanawe mkubwa akiweza kuwachunga na kuwarudisha zizini, watabaki. Asipoweza, watakwenda Bukundi kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Kundi lile lilianza kwa babu yao, na mume wangu alilipenda kuliko pensheni.

Mafunzo yalifanyika uani, mwalimu akiwa simu. Mluzi mfupi, mbwa alale. Mluzi mrefu wa taratibu, azunguke kundi alilete. Ng'ombe hawakushirikishwa. Walioswagwa ni kuku wangu, hadi wakaacha kutaga kwa hofu. Nikilalamika, naambiwa, "Mama watoto, hii ni sayansi." Basi tukala mchicha kisayansi.

Siku ya mtihani baba mkwe aliwekewa kiti kando ya malisho. Mtaalamu wetu kavaa buti mpya. Akapiga mluzi mrefu, mtamu, na mbwa akachomoka. Ng'ombe nao wakainua vichwa, wakageuka wote, wakashuka mbio lamboni kunywa maji. Huku kwetu mluzi mrefu ndio wa kunyweshea. Baba mkwe amewapigia tangu wakiwa ndama. Hata mimi niliyeolewa tu nalijua hilo. Mtoto wa wafugaji, kiyoyozi kilikuwa kimemsahaulisha. Akadhani hawajasikia, akaongeza pumzi. Mbwa akiwatoa majini, mluzi unawarudisha. Sijapata kuona ng'ombe wakinywa kwa bidii namna ile.

Baba mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamwita karibu.

"Ng'wanawane," alimwambia mwanawe kwa upole, "ng'ombe waende Bukundi."

Asubuhi shemeji alipokuja kuwachukua, utani uliniisha. Mume wangu alisimama mlangoni mwa zizi akiwagusa migongo mmoja mmoja wakitoka. Walipofika nje wakatawanyika kuelekea kwenye pamba ya jirani. Hakuna aliyepiga mluzi wala kusema neno. Mbwa akachomoka mwenyewe, akawazunguka akiwa ameinama, akawakusanya na kuwaweka njiani. Hakuna aliyeonja hata jani.

Baba mkwe alimnyooshea mbwa kidole.

"Na huyu aende nao," alisema.

Wakaenda, mbwa nyuma yao, hata shingo hakugeuza. Mume wangu akanishika mkono.

"Umemwona? Si nilikwambia anaweza?"

Alisema kwa fahari kabisa, machozi yakimtiririka, na mimi na mdomo wangu wote huu nikamwambia tu kwamba nimemwona.