Mashimo ya Stima

Wageni wakipita kwetu, njia ya kwenda Malava, lazima waulize ni nani aliyepanda migomba kwa mstari namna ile, kutoka barabara kuu mpaka kiwanda cha kahawa. Mimi huwajibu kwamba ni serikali. Wanacheka. Wacha wacheke, hawakuwapo.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Chama chetu cha ushirika kilikuwa na mashine ya kumenya kahawa inayotumia dizeli, na mashine hiyo ilikuwa na maringo kuliko bibi harusi. Kahawa ikiiva kwa wingi, yenyewe inazima. Sisi wanawake tuliochuma tangu alfajiri tunabaki tukiangalia jasho letu likioza kwenye magunia. Na stima ilikuwa pale pale barabarani, ikitupita kwenda mjini! Baba mkwe wangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama, akaapa kwamba ataishusha mpaka kiwandani.

Pesa hatukuwa nazo, kwa hiyo ilibidi tukope. Mkutano mkuu ukapiga kura, mikono yote juu, wangu ukiwemo. Lakini sheria ilisema chama cha ushirika hakikopi hata senti mpaka serikali ikubali. Barua ikapelekwa ofisi ya ushirika Kakamega, tukaambiwa tungoje.

Mzee hakujua kungoja. Alisema jibu litatukuta kazini. Akashika jembe, akachimba shimo la nguzo ya kwanza kwenye shamba lake mwenyewe, nyuma ya jiko langu. Wanachama wakamfuata, kila mtu akachimba penye mpaka wake, mashimo yakafika barabarani upande mmoja na kiwandani upande wa pili.

Jibu halikuja. Mvua ndiyo iliyokuja, na mashimo yakakaa wazi, meusi, yamejaa maji. Sasa, kwetu shimo refu haliachwi hivyo. Kaburi likichimbwa na mwili usipatikane, tunazika shina la mgomba, shimo lipate chake linyamaze. Mama mkwe akaanza kunung'unika kwamba mashimo yale yanaita mtu. Mzee aliposhikwa na kifua, akakohoa wiki nzima, akina mama wakaja na mashina wakitaka kuyafukia. Mzee akatoka na blanketi begani, akawafukuza.

"Mnataka kuzika stima yangu ikiwa hai?"

Nilicheka jikoni. Jioni hiyo kicheko kilikatika. Mume wangu aliniambia kwamba mzee ameshapata wa kutukopesha, tajiri mmoja wa mjini, na tajiri huyo anataka hati ya shamba iwe rehani. Hati ya mzee. Shamba lile ndilo lilikuwa nyumba yangu, mahindi yangu, watoto wangu wote. Chama kikishindwa kulipa, sisi tungekwenda wapi?

Niliogopa. Na sikuweza kumwambia mzee neno. Mkaza mwana na baba mkwe kwetu hawapeani hata mkono. Akitaka kunipa kitu, anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Ulimi wangu huu, ambao hata chifu aliuogopa, niliumeza.

Hatimaye bwana ushirika, afisa wa ile ofisi ya Kakamega, akaja na baiskeli yake, kijana mwembamba, suruali imejaa matope. Tulikusanyika kiwandani. Akasoma karatasi za tajiri polepole, kisha akauliza, "Mzee, hii hati ni ya chama?"

"Ni yangu. Nimeitoa kwa moyo wangu."

"Basi hapana. Chama kitakopa kulingana na kahawa yake. Kahawa yenu inaweza kubeba mashine mpya ya dizeli. Stima haiwezi kubeba. Na shamba la mtu siliweki hapo."

Lo! Kelele zilizotokea! Mwanachama mmoja akapanda juu ya benchi. "Tulitoa mkoloni ili tusiwe tunaombanga ruhusa tena! Serikali ni yetu, na bado inatufunga mikono?"

Kijana alipangusa uso. Nilimhurumia, maana alikuwa peke yake. Akasema, "Wazee wangu, nikitia sahihi na kahawa ikakataliwa na mvua, siku ya kumtoa mzee huyu kwake nitatumwa mimi. Nitakuja na baiskeli hii hii. Siwezi."

Hakuna aliyempa mkono alipoondoka. Mimi nilitaka kumshukuru na kumpiga kofi, yote mawili. Shamba langu lilikuwa limepona, na mzee wangu alikuwa ameaibishwa mbele ya watu aliowachimbisha mashimo.

Kesho yake mama mkwe na wenzake wakarudi na mashina. Safari hii mzee hakuwafukuza. Aliyatazama tu, kisha akasema, "Yatupeni hayo. Leteni yenye mizizi. Sitaki kuzika, nataka kula." Akashuka mwenyewe kwenye shimo la kwanza, akikohoa, akapanda mgomba, akaukanyagia udongo. Halafu akatoa hati ndani ya koti, akaiweka chini mbele ya mlango wa jiko langu, akarudi nyuma.

"Mama, itunze wewe. Mimi nina haraka."

Nilipiga magoti nikaiokota, nikalia bila kujificha.

Mashine mpya ilikuja. Mashine ni mashine, nayo ilikuwa na maringo yake, lakini deni lililipika. Stima ilifika miaka mingi baadaye, na nguzo zake zikapita upande wa pili wa njia. Mzee hakuiona. Hilo linaniuma hadi leo, sitaficha.

Siku ya mazishi yake waombolezaji walikuwa wengi mno, na tulikata mikungu ya mstari mzima kuwalisha. Bwana ushirika alikuja, sasa ana kitambi na mvi. Alisimama kando ya mgomba wa shimo la kwanza, kofia mkononi, mpaka nilipompelekea chai.

"Mama," akasema, "mzee alinisamehe kweli?"

Nilimshika mkono nikamgeuza atazame, hatua chache kutoka pale, walipokuwa wakimfukia mzee katika shamba lake mwenyewe, ambalo hakuna mtu aliyetumwa kumtoa.